Ishirini na Sita Nukta Saba

Jumatatu, 8 Januari 1973

Muhula umefunguliwa na mvua. Kutoka Ujiji hadi shuleni, baiskeli imenibeba nusu ya njia. Nusu iliyobaki nimeibeba mimi. Pale Rusimbi tope lilinivua kiatu kimoja, na kijana mmoja akanichomolea huku akicheka. Nikacheka pia. Ningefanyaje?

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamerudi wote tisa. Ndio wa kwanza katika shule yetu kufikisha kemia ngazi hii, na mimi ndiye mwalimu wao pekee wa kemia, mwaka wangu wa pili tangu nitoke Chuo Kikuu.

Mkuu wetu wa shule, Mzee Pastory, ametupa habari kwa sauti yake ile ya kuomba radhi. Mwezi wa tatu wizara itamleta mkaguzi awatahini wanafunzi wangu, nadharia na vitendo. Wakifanya vibaya, mchepuo wa sayansi utahamishiwa Tabora, na maabara yetu itakuwa ghala la mahindi ya shamba la shule.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu Mwanaima," alisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

Jumatano, 10 Januari

Mvua.

Jumamosi, 13 Januari

Mazoezi ya vitendo. Mama aliniuliza jioni, tukichambua dagaa uani kwetu, mtaa wa Kasingirima, kazi yangu hasa ni nini. Nikamweleza: kuna bomba refu la kioo lenye alama, linaitwa biureti, ndani yake mna asidi. Chini kuna chupa yenye alkali, maji makali kama ya magadi, imetiwa tone la rangi. Mwanafunzi anadondosha asidi polepole mpaka rangi igeuke. Kisha anasoma alama: ametumia asidi kiasi gani? Basi.

"Miaka yote ile Dar es Salaam," Mama akasema, "ulikwenda kujifunza kudondosha?"

Zefania alimaliza wa kwanza, kama kawaida. Kijana huyu anatoka upande wa Kasulu, na mwaka jana Operesheni ya vijiji vya ujamaa iliihamisha familia yake pamoja na majirani wote hadi kijiji kipya cha barabarani. Ana mwandiko kama wa kitabu. Jibu lake: mililita ishirini na tano kamili. Rozalia alimaliza wa mwisho, kwa sababu kila hatua lazima aulize kwa nini. Mama yake anauza dagaa ufukweni Kibirizi, na nadhani ubishi wa bei ameurithi huko. Lazima nikiri ananichosha.

Alhamisi, 18 Januari

Mvua. Pipa la maabara limejaa hadi mdomoni. Chombo chetu cha kukenekea maji, cha kuyasafisha kwa mvuke, kilipasuka mwaka jana na hakuna fedha za kingine, kwa hiyo tunatumia maji ya mvua yanayokingwa toka batini. Mzee Telesphory, mhudumu wa maabara, haruhusu mtu aoshee hata kidole. Leo nimetengeneza alkali ya kututosha mpaka mkaguzi aje.

Jumapili, 28 Januari

Mvua. Samaki mgebuka wa kuchoma, mawese mapya, usingizi wa mchana. Siku njema.

Jumatatu, 12 Februari

Jua. Siku ya sita sasa.

Jumatano, 14 Februari

Jua. Mazoezi ya vitendo tena. Zefania: ishirini na tano. Wengine: hapo hapo, wanapishana nukta moja, mbili. Nafurahi. Siku hizi nikiwaangalia wameinama mezani, kimya, macho kwenye biureti, najiona tajiri.

Jumatatu, 19 Februari

Jua. Mahindi ya shamba la shule yameanza kujikunja majani. Bomba la shule halitoi kitu. Mzee Pastory amepanga zamu: kila asubuhi bweni moja linateremka ziwani kuteka maji ya jikoni na ya bustani. Nawaona wakipanda kilima na ndoo kichwani, wakiimba, maji yakiwamwagikia mabegani.

Jumapili, 25 Februari

Jua. Nilimsindikiza Mama Kibirizi kununua dagaa. Mchanga wote ulikuwa mweupe kwa dagaa walioanikwa. Mama yake Rozalia alinishika mkono asiuachie.

"Mwalimu, ninyi shuleni mnaomba mvua, sisi huku tunaomba jua. Sasa Mungu amsikilize nani?"

"Awasikilize ninyi kidogo, halafu sisi."

"Na mwanangu? Anaelewa?"

"Anauliza sana," nikasema.

"Ah! Hiyo nyumbani pia tunaijua."

Jumapili, 4 Machi

Mkaguzi ameshuka kwenye treni. Anaitwa Ndugu Feliksi. Mwembamba, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, hacheki ovyo. Mwanzoni nimemwogopa.

Jumatatu, 5 Machi

Mtihani wa nadharia asubuhi. Maswali magumu lakini ya haki. Walitoka nyuso zao zikiwa nyepesi.

Mchana mkaguzi aliniagiza niandae vitendo: asidi na alkali za nguvu sawasawa, na jibu nimpe yeye tu. Alkali nilikuwa nayo tangu Januari. Asidi nikaipima, nikaijaliza maji kutoka pipani, nikatikisa, nikafunga. Jibu nikamwandikia: ishirini na tano, sawa na kiasi cha alkali.

Joto kali. Hakuna jani linalotikisika.

Jumanne, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Vitendo vilianza saa mbili. Kila mmoja na meza yake. Mkaguzi akizunguka, mikono nyuma. Mzee Pastory amesimama nje ya dirisha kama mzazi aliyeleta mtoto hospitali. Sikuona kasoro. Saa saba nikaitwa ofisini.

"Mwalimu, asidi na alkali zilikuwa za nguvu sawa, kama nilivyokuagiza?"

"Ndiyo, Ndugu Mkaguzi."

Akanisogezea karatasi moja moja, kama mtu anayegawa karata. Ishirini na sita nukta saba. Ishirini na sita nukta sita. Nukta nane. Nukta saba. Nukta saba tena. Karatasi nane.

"Kukosea si ajabu," alisema. "Lakini watu wanane hawakosei mahali pamoja. Hapa mmoja amekosea, saba wamechungulia."

Karatasi ya tisa akaiweka peke yake. Ya Zefania. Ishirini na tano kamili.

"Huyu ndiye pekee aliyefanya kazi."

Nasema kweli humu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: jambo la kwanza nililohisi lilikuwa fahari. Zefania wangu! Aibu kwa ajili ya wale wengine ilikuja baadaye.

Mzee Pastory, aliyekaa pembeni, akakohoa. "Ndugu, mimi nilikuwa dirishani muda wote. Sikuona mtoto akigeuza shingo."

"Shingo haina haja ya kugeuka, Mkuu. Macho yanatosha."

"Hata macho sikuyaona yakigeuka," Mzee Pastory akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba radhi, ila hakuomba radhi. Nilimwangalia kama namwona mara ya kwanza.

Mkaguzi ataondoka na treni ya Ijumaa. Katika taarifa yake wanane watafutiwa mtihani kwa udanganyifu, na wizara ikipenda, watafukuzwa shule. Mchepuo hana hata haja ya kuutaja, utajifia wenyewe.

Niliingia darasani nikawagombeza. Nilisema maneno ambayo sitaki kuyarudia. Rozalia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe ulituona tukichungulia?"

"Kaa chini."

"Nauliza tu, kwa sababu mimi nilidondosha mara tatu, na mara zote tatu..."

"Nimesema kaa chini, Rozalia."

Akakaa. Machozi yalimlengalenga lakini hayakushuka. Zefania alikuwa akiangalia viganja vyake. Nikadhani ni unyenyekevu.

Jumatano, 7 Machi

Nimefika shuleni nikawakuta wanane wote mlangoni pa maabara, kabla ya kengele. Walimweka Ignas mbele, kwa sababu ndiye mpole na hakuna awezaye kumkasirikia. Kiswahili chake kina Kiha ndani yake.

"Mwakeye, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Tumekuja kuomba. Asidi ya jana ipo imebaki. Uipime wewe, si sisi. Kama tumedanganya, itaonekana."

Nilitaka kuwafukuza waende kujipanga mistarini. Kilichonizuia ni Rozalia. Hakusema kitu. Yeye, asinyamazaye, alisimama nyuma kabisa akiangalia chini, na nikajua kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Nikafungua mlango. Nikajaza biureti mwenyewe, nikapima alkali mwenyewe, nikadondosha. Ishirini na tano ikapita na rangi bado ni ya njano. Ishirini na sita ikapita. Rangi ilipogeuka nikasoma alama, nikafuta macho, nikasoma tena.

Ishirini na sita nukta saba.

"Basi asidi ni dhaifu," nikasema. "Lakini niliipima vizuri. Niliipima mara mbili."

Nikageuka nyuma.

"Rozalia. Ungeuliza nini hapa?"

Aliinua uso taratibu. "Ningeuliza, ulichanganya asidi na nini?"

"Na maji."

"Ningeuliza, maji gani?"

Nikachota maji ya pipani kwa bilauri. Safi, hayana hata kivuli. Ignas akashusha kutoka kabatini kichupa cha finolfthalini, dawa isiyo na rangi inayogeuka waridi ikikutana na alkali, nami nikadondosha matone mawili. Ndani ya bilauri, taratibu, kama mtu anayeona haya, maji yakageuka rangi ya waridi.

"Mzee Telesphory!" nikaita. "Nani katia magadi kwenye pipa?"

Mzee wa watu akaja mbio. "Magadi? Mwanangu, hayo ni maji ya ziwani. Mvua ilipokata pipa likakauka, na mtihani unakuja. Nikawaambia watoto wa zamu wajaze. Nikayachuja kwa kitambaa, safi kabisa! Kwani nimeharibu?"

Nikakaa kwenye kigoda. Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Nimeliogelea, nimelinywa, nimefulia nepi za wadogo zangu, na chuoni nimesoma maziwa ya Ulaya. Kwamba maji yetu yana magadimagadi yake, kidogo, lakini ya kutosha kula sehemu ya asidi niliyoichanganya, sikuwahi kukaa nikalifikiria.

"Hukuharibu, Mzee wangu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyechota bila kuuliza."

Rozalia alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kwenye kiganja cha mkono.

Alhamisi, 8 Machi

Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nampa.

"Inawezekana," alisema. "Lakini mwalimu anayewatetea wanafunzi wake nimemsikia mara nyingi. Nionyeshe maji ya ziwa pamoja na maji safi, hatua kwa hatua, mimi nikidondosha. Bila kulinganisha, sisaini."

Maji safi! Hospitali ya mkoa walisema wanayo chupa chache, za wagonjwa, na sikuwa na uso wa kuomba zaidi. Mzee Pastory alipendekeza tuchemshe birika na kukinga mvuke kwa sufuria baridi. Tulifanya hivyo saa mbili nzima tukapata maji ya kulowanisha kijiko, tena yana harufu ya chai.

Ilikuwa mchana wa saa nane. Treni ni kesho. Ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, kulikuwa na wingu, lakini wiki nne hizi tumeona mawingu mengi yakikaa kule kule kwao. Wanafunzi waliketi barazani. Zefania naye alikuwepo, mbali kidogo na wenzake.

Kwanza upepo. Kisha harufu. Kisha tone moja zito juu ya bati, paa!, na la pili, na halafu ziwa lote likafutika machoni petu, mvua ikaja ikipanda kilima kama watu wanaokimbia.

"Mabeseni!" nikapiga kelele.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walitoka na mabeseni, sufuria za jikoni, bilauri, Ignas na kofia ya bati ya mjenzi. Walisimama katikati ya uwanja wameinua vyombo, wameloa chapachapa, wanacheka kama watoto wa darasa la kwanza. Mzee Telesphory alikuwa anacheza. Mzee Pastory alikinga kwa bakuli lake la uji.

Ndani ya maabara mkaguzi akavua koti, akakunja mikono ya shati. Maji ya mvua kwanza: akatia tone la rangi, akafungua biureti. Tone moja tu la asidi, rangi ikageuka nyekundu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha maji ya ziwa, kiasi kile kile. Tone moja, njano. Matone kumi, njano. Akaendelea mpaka rangi ikageuka. Akasoma alama.

"Moja nukta saba," alisema.

"Ndiyo ile iliyozidi," Rozalia akasema. "Ishirini na tano ukiongeza moja nukta saba."

"Naiona, binti." Na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wanane hawakuchungulia. Wanane walisoma kilichokuwa mbele yao."

Kelele zilizopigwa zilishindana na mvua batini. Lakini mkaguzi hakuwa amemaliza. Alikuwa akipekua zile karatasi, na nikajua anatafuta ipi kabla hajaipata.

"Sasa huyu wa ishirini na tano kamili," alisema polepole, "yeye aliisoma wapi?"

Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Zefania alisimama mwenyewe.

"Sikuisoma kwenye biureti, Ndugu Mkaguzi. Niliona imefika ishirini na sita na kitu, nikaogopa. Mazoezi yote tuliyofanya hapa jibu ni ishirini na tano. Nikaandika ishirini na tano."

"Mazoezi yote?" Mkaguzi aliniuliza mimi.

"Yote," nikasema. "Nilifanya nguvu ziwe sawa kila mara. Ilikuwa rahisi kusahihisha."

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Nimerudi Ujiji nimeloa na sikujali, nikiimba nusu ya njia, nusu nyingine nikimfikiria Zefania.

Ijumaa, 9 Machi

Uamuzi: wanane wamefaulu. Zefania sifuri kwenye vitendo, nadharia yake inabaki, haondolewi shuleni. Mzee Pastory ndiye aliyeomba hilo la mwisho, akasimama mpaka akapewa. Mchepuo unapendekezwa ubaki.

Nilimsindikiza mkaguzi stesheni. Kwenye mkoba wake, katikati ya mashati, alikuwa na chupa ya maji ya ziwa.

"Kuna wenzangu Dar es Salaam," alisema, "wanaojiona wanajua kila kitu. Nitawapa wapime." Treni ilipoondoka bado alikuwa anacheka peke yake dirishani.

Jumamosi, 10 Machi

Mvua. Nimemwomba Rozalia radhi mbele ya darasa. Akasema, "Haya, Mwalimu," halafu akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

Jumatano, 14 Machi

Zefania alikuja maabara baada ya vipindi.

"Kule kijijini wananiita Profesa," alisema. "Hata wazee. Tulipohamishwa nyumba zikabaki nyuma, mashamba yakabaki, lakini wakasema angalau tuna mtoto ambaye hakosei. Sasa nikirudi likizo nitawaambia nini?"

Sikutaka kumpa jibu la kubuni. Nikamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Tukala mihogo yangu, tukizungumza habari za ng'ombe wa baba yake, na alipoondoka alisema atawaambia alipata sifuri.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua. Wenzake bado hawasemi naye sana. Leo Rozalia alivuta kigoda mpaka kwenye meza yake akasema, "Sogea huko, nataka mwanga." Mwanga ulikuwepo kila mahali.

Jumapili, 1 Aprili

Mvua. Mama ameuza dagaa wake wote kwa mtu wa Tabora. Amenunua kitenge, na amekataa kuniambia bei.

Jumamosi, 14 Aprili

Leo nilinunua ndimu sokoni Ujiji, nikazipeleka maabara katika kikapu. Kila mmoja achague yake, aikamue, apime ukali wake.

"Jibu linatakiwa liwe ngapi, Mwalimu?" Ignas aliuliza.

"Sijui."

Wakaangaliana.

"Sijui kweli. Sijapima, na kila ndimu ni yake. Mtaniambia ninyi."

Kwanza walichukia, nadhani. Halafu wakainama. Nilizunguka mikono nyuma, nikajikuta ninafanana na Ndugu Feliksi, nikaitoa mikono nyuma. Nikaenda dirishani. Nje mvua ilikuwa nyepesi, ya kumalizia, na mahindi ya shamba yamenyooka.

Walipomaliza niliwaita mmoja mmoja, nikaandika namba zao ubaoni. Zilitawanyika, lakini zilikuwa jirani. Ya Zefania ilikaa mbali kabisa, karibu mara moja na nusu ya za wengine. Niliiona shingo yake ikitoka jasho.

"Zefa," Rozalia alinong'ona, na kunong'ona kwake kunasikika hadi bandarini, "hiyo yako mbona kubwa hivyo?"

Alitazama ubao. Alitazama biureti yake. Kisha akanitazama mimi, akitafuta usoni pangu jibu ambalo safari hii halikuwepo.

"Ndiyo niliyoisoma," alisema.

Nikaiacha ubaoni kama alivyoitaja, nikampa chaki atuonyeshe alivyoipata, nikaenda kukaa na wengine kumsikiliza.